Matairi ya Damu

Jamani, kuna aibu ambayo ukiikumbuka ukiwa peke yako unajikuta umesema "aah!" kwa sauti kama mtu aliyechomwa na nyuki, hata kama uko kwenye foleni ya benki au kanisani watu wamefumba macho. Mimi ya namna hiyo ninayo, nimetoka nayo Guangzhou mpaka Mbeya na haijalipiwa ushuru popote, na mume wangu mwenyewe nilimficha kwa muda mrefu mpaka alipoisikia kwa watu. Sasa kwa kuwa na nyinyi mmeshaisikia vipandevipande, na kila mtu anaongeza chumvi yake, bora niiseme mwenyewe yote, tena mcheke tu, maana waliocheka kabla yenu ni mtaa mzima na harusi nzima.

Kwa asiyenijua, naitwa Tulinagwe, Tuli kwa kifupi, mtoto wa Tukuyu, na miaka ile nilikuwa nanunua suruali za jinzi Guangzhou na kuzituma nyumbani kwa kontena. Nilipanga chumba Xiaobei, kule waliko Waafrika wote, pamoja na Bi Rukia wa Unguja, mtu mzima wa heshima zake, yeye akinunua vyombo vya plastiki na midoli kule mtaa wa Yide Lu. Ilikuwa ile miaka ya misako, mnaikumbuka mliokuwepo, polisi wanasimama kwenye milango ya majengo wanataka pasipoti, asubuhi wapo, mchana wapo, ukienda kununua mkate wapo, na watu wetu ambao viza zilikuwa zimewaishia walikuwa wanalala na viatu miguuni. Mimi na Bi Rukia viza zetu zilikuwa nzima, lakini hata mwenye viza nzima akimwona polisi anakohoa bila sababu.

Sasa, jinzi zangu nilikuwa nashonewa na Bwana Lin, mwenye karakana moja nje kidogo ya mji. Sisi tulimwita laoban, yaani bosi, kama tulivyomwita kila Mchina mwenye duka, lakini huyu alikuwa laoban kwelikweli, mtu ambaye mzigo ukiharibika anakushonea upya bila kukunja uso. Ndiye aliyeniruhusu kutumia kigari cha karakana, kile cha duara ambacho Wachina wanakiita gari la mkate kwa sababu kinafanana na boflo, na mimi leseni ya Kichina nilikuwa nayo (mtihani niliufanya kwa jasho, lakini hicho ni kisa kingine na hakina aibu). Nilikuwa mwanamke pekee wa Kiafrika niliyekuwa naendesha gari pale Xiaobei, na nisiwadanganye, nilikuwa najisikia.

Bwana Lin alikuwa anamwoza binti yake wa pekee kijijini kwao, juu kwenye milima ya Hunan, siku chache kabla ya sikukuu yao ya mwaka mpya. Yeye na mke wake wakatangulia, ila mama yake mzazi akabaki mjini kwa sababu alikuwa anatibiwa macho. Ikaja siku bibi ameruhusiwa hospitali, tiketi za treni zimekwisha nchi nzima, na harusi iko mlangoni. Bwana Lin akanipigia simu.

"Tuli, mama yangu mlete wewe. Njoo naye na Bi Rukia, nyinyi ni wageni wangu." Halafu akaongeza, "Lakini huku mwaka huu kuna barafu. Angalia matairi."

Angalia matairi! Angesema "karibuni sana" akakata simu mimi nisingekuwa hapa nawasimulia. Ule usiku sikulala vizuri, nageuka huku, matairi, nageuka huku, matairi, maana yale ya kigari yalikuwa vipara kabisa, laini kama kichwa cha mtoto mchanga, na kichwani nina bibi wa watu, mama wa mtu anayenishonea mkate wangu, nimekabidhiwa kama yai. Lakini pia nikitoka nje naona Guangzhou kuna joto, watu wanatembea na ndala, wanakunywa maji ya miwa barabarani, najiuliza, hivi kweli nibadilishe matairi ya gari kwa ajili ya kitu ambacho macho yangu hayajawahi kukiona?

Nikamuuliza Bi Rukia. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, mimi theluji naijua ile ya kwenye friji tu. Ikiwa mwenyewe kakwambia angalia, yaangalie. Hayo matairi kama yapo yanunue, uyatie nyuma ya gari, tukifika penye baridi utamtafuta fundi akufungie. Hapa watu watembea na ndala!"

Maneno ya mtu mzima yale, yamekaa vizuri, hayana mfupa. Lakini mimi nilishapata wazimu wa safari. Nikaenda kwa muuza matairi mmoja, nikamchorea theluji kwenye karatasi kwa sababu hakuelewa matamshi yangu (hilo lingenifundisha kitu, lakini wapi), akaingia stoo akatoka na matairi manne yenye vumbi, yaliagizwa na mteja wa kaskazini huko kwenye baridi ya kufa mtu, akayatelekeza. Jamani yale matairi! Yana meno makubwa, halafu kila jino lina kimsumari cha chuma kinachochungulia nje. Muuzaji akafurahi kama mtu aliyepata mchumba wa binti aliyekaa nyumbani miaka mingi. Akaniuliza, nikupakilie? Mimi nikasema, hapana, nifungie hapahapa, nataka yazoee barabara.

Yazoee barabara. Hata leo sijui nilikuwa nawaza nini, kama vile tairi ni kiatu cha shule.

Sasa tangu siku moja kabla nilikuwa nimenunua koti, koti lile zito la manyoya linalofika magotini, na sweta tatu za kuvaa ndani, na muuza koti alikuwa ameniambia lazima nilijaribu niwe nimekaa kwenye usukani nione kama mikono inazunguka. Kwa hiyo nikavaa sweta zote tatu, nikavaa na koti juu, nikaingia kwenye gari. Nyuma nilikuwa nimeshapakia koleo la kuchimbulia theluji, kamba nene ya kuvutia gari likikwama, na blanketi. Nikawasha gari kurudi Xiaobei, na nilipotoka tu kwenye vumbi la uwanja wa yule muuzaji nikaingia kwenye lami, nikasikia.

Kra-kra-kra-kra-kra.

Mmewahi kumwaga maharage makavu kwenye sufuria tupu? Basi sufuria hiyo iwe kubwa kama nyumba na maharage yasiishe. Kila mtu aligeuka. Wenye baiskeli waligeuka. Mbwa mmoja alinikimbiza mpaka akachoka. Mimi nikajisemea haidhuru, yatanyamaza yakizoea, nikaongeza mwendo, na kelele nayo ikaongezeka, huku jasho linanitiririka mpaka kwenye nyusi, na kulivua koti siwezi maana nimejifunga mkanda juu yake na niko katikati ya foleni ya magari.

Nikaingia Xiaobei. Nilipopita chini ya ile barabara ya juu, zege juu zege chini, sauti ikajirudia mara kumi, ikawa kama vile jeshi la chuma linakuja. Na kumbukeni watu wamelala na viatu! Nikaona kwa macho yangu mlango wa mgahawa unatapika watu, mmoja ana kijiko mkononi, mwingine kabeba sahani yake kabisa hakutaka kuiacha. Mtu akapiga kelele, "Jingcha! Jingcha!", ndio polisi hao kwa Kichina, na neno hilo lilikuwa halihitaji mkalimani. Kinyozi wa pale kona alikuwa na mteja wake Mkongo, ameshamnyoa upande wa kushoto umekwisha, yule bwana akaruka kwenye kiti na kitambaa chake shingoni akakatiza mbele ya gari langu, nusu kichwa kipara nusu kichwa nywele, akapotelea kwenye kichochoro.

Mimi nikashika breki nishangae wanakimbia nini. Sikujua wananikimbia mimi.

Polisi wa kweli walikuwepo, wamesimama kwao kimya mlangoni mwa jengo moja, na wao walipoona watu wanakimbia wakaanza kukimbia nyuma yao, ila walipofika kwenye gari langu wakasimama wote. Wakatazama matairi. Wakanitazama mimi. Fikirieni wanachokiona: siku ya joto, mwanamke wa Kiafrika ndani ya manyoya kama dubu, jasho linamtoka kama amenyeshewa, ameendesha chombo chenye meno ya chuma katikati ya msako.

"Pasipoti," akasema mkubwa wao.

Pasipoti ilikuwa kwenye mfuko wa suruali. Nikaanza kuchimba. Koti, sweta ya kwanza, sweta ya pili, ya tatu imenasa kwenye mkanda, najikunja, navuta, na jinsi ninavyochimba ndivyo wale wengine wanavyorudi nyuma hatua moja moja wakidhani sijui natoa nini. Ikatoka hatimaye, imelowa. Akaifungua kwa ncha za vidole, akaona viza ni nzima, na hapo ningenyamaza mambo yangekwisha. Akauliza tu, kwa upole kabisa, "Haya matairi ni ya nini?"

Na mimi, kwa kujivuna na Kichina changu cha sokoni, nikaamua kueleza.

Sasa ndugu zangu, theluji kwa Kichina ni "xue", na damu nayo ni "xue", tofauti ni kupandisha na kushusha sauti tu, na mimi mtu wa Tukuyu nikiwa na hofu sauti inashuka yenyewe. Nikamwambia polisi kwa sauti kubwa, mtaa mzima unasikiliza: "Haya ni matairi ya damu!"

Akafumba jicho moja. "Ya nini?"

"Ya damu! Kesho nakwenda mlimani. Mlimani kuna damu nyingi sana. Nampeleka bibi kizee."

"Bibi kizee gani?"

"Mama wa bosi wangu! Nampeleka kwenye damu!"

Wakafungua mlango wa nyuma. Koleo. Kamba. Blanketi.

Mkubwa wao akaniomba funguo taratibu sana, kama unavyomwomba mtoto kisu, na mimi ndipo nikaona mambo yamekuwa mengine, nikaanza kulia, na kulia ndani ya manyoya si jambo zuri kwa mtu anayetaka kuonekana hana hatia. Kilichoniokoa ni simu. Nikampigia Bwana Lin nikampa polisi, nikasikia wanaongea, nikasikia polisi anasema "damu" mara mbili, halafu kimya, halafu kule upande wa pili Bwana Lin akacheka kicheko ambacho hata mimi niliyesimama mbali nilikisikia. Polisi akaanza kutetemeka mashavu. Akawaeleza wenzake. Wakacheka mpaka mmoja akaegemea gari langu. Wakawaeleza wenye maduka, na wenye maduka wakawaeleza wateja, na watu wetu nao walipoona polisi wanacheka wakaanza kurudi kidogokidogo kutoka vichochoroni, na wao wakaelezwa. Mtaa ukacheka kwa lugha zote.

Nikaambiwa nitoe yale matairi siku hiyohiyo, yanakwaruza barabara, nikitaka niyafunge huko huko kwenye theluji. Wakaondoka. Na nikiri kitu kimoja, siku ile hakukamatwa mtu, maana polisi wote waliacha wakimbiaji wakaja kwangu. Yule Mkongo mwenyewe alikuwa hana viza. Lakini mnadhani alinishukuru? Alinifuata mpaka mlangoni.

"Mama, ona kichwa yangu! Kinyozi amefunga, amekimbia na mashine! Mimi nitalala na hii kichwa namna gani?"

Kufika saa ya chakula cha jioni nilikuwa nimeshapewa jina. Mama Damu. Mama Damu, unakula nini? Mama Damu, tupeleke na sisi mlimani. Mpaka yule mwanamke wa Kichina aliyekuwa akituuzia mayai alinionyesha kwa kidole akasema "xue" akajipiga mapaja.

Bi Rukia hakucheka mbele yangu, alikwenda kucheka chooni, nilimsikia. Alipotoka akasema, "Basi mwanangu, yamekwisha. Yatie nyuma ya gari yale matairi, asubuhi twende zetu."

"Sitaki hata kuyaona. Nayarudisha."

"Unayarudisha wapi, na safari ni kesho?"

"Bi Rukia, mimi nimeendesha kanta ya viazi kutoka Isongole kwenye matope ya masika, matope yanafika mlangoni. Theluji ni nini? Ni matope meupe tu."

"Tuli. Watu wakikucheka hapa, ndo wameifagia theluji huko?"

Nilikuwa nimenuna, na mtu aliyenuna hajibu, anatenda. Nikaenda kwa muuzaji nikayarudisha yote manne, nikafungiwa vile vipara vyangu nilivyoviacha kwake, gari likateleza kwenye lami kimya kama paka, na mimi nikahisi heshima yangu imerudi. Mnaona upumbavu? Bwana Lin kaniambia angalia matairi. Bi Rukia kaniambia beba matairi. Polisi, polisi jamani, kaniambia kayafunge huko. Na mimi nimemsikiliza muuza mayai.

Asubuhi tukamchukua Nainai, ndivyo wajukuu walivyokuwa wakimwita mama yake Bwana Lin, bibi mdogo kama kifaranga, macho yamefungwa miwani nyeusi, mkononi ana chupa ya chai na mfuko wa mbegu za alizeti. Alikuwa anaongea lahaja ya kwao tu, sisi hatumwelewi wala yeye hatuelewi, lakini alimshika Bi Rukia mkono tangu tunaondoka na hakuuachia, wazee wawili wanaongea kila mmoja lugha yake, mmoja anasema hiki mwingine anaitikia "ndiyo hivyo bibi, ndiyo dunia hiyo". Tukalala njiani, mji wa Shaoguan. Mpaka hapo jua linawaka, mimi naimba tenzi, namwambia Bi Rukia, "Unaona? Iko wapi hiyo theluji?" Akaniambia, "Endesha gari, mwanangu."

Kesho yake, siku yenyewe ya harusi, tukaanza kupanda milima. Kwanza ukungu. Halafu mvua nyembamba, mvua ya kawaida kabisa, nikasema aa, hii ni ya kwetu hii, Tukuyu inanyesha hivi kila siku. Ila nikaona wipa zimeanza kukwaruza. Nikaona miti imevaa kioo, kila jani limefungwa kwenye kioo chake, matawi yameinama kama watu wanaosujudu. Nikaona lori limelala ubavu kwenye mfereji na dereva wake amekaa juu yake anavuta sigara kama mtu aliyepokea majaliwa yake. Nikajaribu breki kidogo, kidogo tu, na gari likatoa matako kando, polepole, kama mcheza ngoma.

Si matope meupe. Nataka niwaambie wenye mawazo kama yangu: matope yanakushika. Ile haikushiki. Ile inakuachia.

Nikapunguza mpaka mwendo wa mtu anayetembea. Vidole vimekufa kwenye usukani. Nainai akasema kitu, sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza siku ile nilitamani kujua anasema nini, maana aliyekaa nyuma yangu ni mama wa mtu, macho yake hayajapona, na mimi ndiye niliyeyarudisha yale matairi kwa mikono yangu miwili. Bi Rukia alikuwa ameanza "Ya Latifu, Ya Latifu" bila kituo. Sijawahi kuogopa vile. Koti nilivaa, baridi ilikuwepo, na bado nilikuwa na jasho lilelile la Xiaobei.

Tukazunguka kona ya mwisho na kijiji hicho hapo chini yetu, bondeni, moshi unatoka, meza zimepangwa uani, watu wamejaa, na barabara inateremka moja kwa moja mpaka kwenye ua wa Bwana Lin kama ulimi. Mlangoni wamesimamisha lile tao la kujazwa upepo, jekundu, kubwa kuliko nyumba, lina dragoni huku na huku. Nikamshukuru Mungu, nikakanyaga breki tusimame tujipange. Gari halikusimama. Likaanza kwenda lenyewe.

Nikapiga honi kuwaambia watu wapishe. Lakini kule chini walikuwa wanamngoja bwana harusi aje na gari amchukue bibi harusi! Waliposikia honi wakadhani ndiye. Wakawasha fataki. Basi teremka sasa, gari linakwenda ubavu, honi naipiga, wao wanapiga makofi, mimi napunga mkono ondokeni, wao wananipungia, fataki zinalia ta-ta-ta-ta-ta chini ya magurudumu, kwa moshi hakuonekani mbele, Bi Rukia ameacha Ya Latifu amefika kwenye shahada, na mimi niliyeokoka nikamwita Mungu, "Kyala!", kwa Kinyakyusa kwa sababu niliona Kiswahili kitachelewa. Gari likazunguka mara moja kamili, kwa adabu, kama linaonyesha nguo yake kwa wageni, likaingia kinyumenyume kwenye lile tao jekundu. Fuuuu. Tao likatoa pumzi, likatuangukia, likatufunika gari zima, tukasimama.

Giza jekundu. Kimya. Hata fataki zilikuwa zimeisha.

"Nainai!" nikaita. Hakujibu. Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa, nikachanganyikiwa, nikatoka upande wangu natambaa chini ya lile turubai, nikatokea nje kwa magoti mbele ya harusi nzima, manyoya yangu yamejaa maganda ya alizeti. Na hapo ndipo nikamwona. Nainai amesimama wima upande wa pili, ametoka mwenyewe, na pembe ya kile kitambaa chekundu imekatika imemfunika kichwa na mabega, vilevile kama bibi harusi wao wa zamani anavyofunikwa. Watu wote wamesimama na vijiti vya kulia mikononi. Akakiinua kitambaa kwa kidole kimoja, akawatazama na miwani yake nyeusi, akasema maneno machache.

Uwanja mzima ukalipuka. Mzee mmoja alicheka mpaka akakaa chini kwenye barafu. Bibi harusi mwenyewe alitoka nje mbio na nguo yake nyeupe akamkumbatia, analia anacheka. Baadaye Bwana Lin alinitafsiria: "Nilipoolewa mimi nilibebwa kwenye kiti na wanaume wanne, wakaniangusha mara mbili. Wanawake hawa hawajaniangusha hata mara moja. Bwana harusi yuko wapi?"

Mimi nilicheka na wao. Nikadhani yamekwisha kwa kicheko. Lakini Bwana Lin alikuwa hacheki. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, ameinua kitambaa, anapapasa tairi kwa kiganja. Lile tairi lilikuwa laini hata kidole hakikwami. Akaniita.

"Yale matairi ya damu yako wapi?"

"Niliyarudisha."

"Kwa nini?"

Ningesema polisi walinikataza, na angeamini. Sijui kwa nini mdomo ulisema ukweli. "Walinicheka."

Alinitazama, akamtazama mama yake ambaye kwa wakati huo alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha bibi harusi anapigwa picha, akanitazama tena. Halafu akainuka akajipangusa magoti, akasema, "Ingia ndani, ule. Supu inapoa." Angenitukana ningepona siku ileile. Supu ile niliinywa kila kijiko kinashuka kama jiwe, na Bi Rukia pembeni yangu, anakula mayai yake ya kuchemsha na tende alizokuja nazo, akanisogezea tende moja.

Bwana harusi alifika, kwa miguu, magari yao yote yamekwama juu, na akapita mlangoni pasipo na tao. Mimi na Bi Rukia tulikaa kijijini mpaka barafu ikayeyuka. Bwana Lin aliendelea kunishonea jinzi miaka yote niliyokuwa kule, na hakulitaja tena jambo lile hata siku moja, lakini kila nilipochukua gari alikuwa anazunguka kwanza, anatazama magurudumu yote manne, mbele ya wafanyakazi wake, ndipo ananipa funguo.

Kwa hiyo mkiniona siku hizi nabeba minyororo ya magurudumu kwenda Makete wakati wa kiangazi, mashemeji zangu wanashikana mbavu, msinionee huruma. Nimeapa. Sitavua tena tairi kwa sababu ya meno ya mtu. Acheni wacheke, wana haki yao, kweli inachekesha. Lakini anayekucheka kando ya barabara huwa hajapakia mama wa mtu kwenye gari lake.